Habari za Mista Raghib, Aliyeapia Talaka kwa Neno la Waingereza

Sogeeni, enyi msikiao na enyi mnaojifanya hamsikii. Wekeni chini vikombe vyenu, zimeni simu zenu, mwacheni jirani azozane peke yake, maana habari inayoletwa hapa si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Mmekwisha kusimuliwa ya majemedari waliovuka mito na majangwa kwa ajili ya dhahabu na falme, wakarudi na mateka au wasirudi kabisa. Hao walikuwa na sababu. Sikieni sasa ya yule aliyechomoa upanga pasipo sababu yoyote, akaweka rehani unyumba wake kwa ajili ya herufi moja ya lugha ambayo mama yake mzazi hajui hata kuiitikia salamu. Ndiye Mista Raghib Abu Shanab wa Damanhuri, huko Misri, mwenye masharubu mazito, mwenye kipaza sauti kisichozimwa, Simba wa Kiingereza wa Delta nzima.

Jina hilo la Simba hakutunukiwa na mtu. Alijipa mwenyewe, akalipeleka kwa mpiga chapa, likachapwa kwa wino mwekundu juu ya picha yake akiwa amekunja mikono kifuani, na picha ikabandikwa kwenye kila ukuta kuanzia stesheni ya treni hadi soko la samaki. Ndivyo walivyo walimu wa masomo ya ziada katika nchi hiyo. Hakuna aliye mwalimu tu. Mmoja ni Mfalme wa Kemia, mwingine ni Nyangumi wa Historia, na ukuta usio na jabari juu yake basi haujamaliza kujengwa. Hasimu wa Simba alikuwa Mista Wahba Girgis, Tufani la Sarufi, ambaye wabandikaji wake walipita nyuma ya wabandikaji wa Simba na kubandika juu yao, hata asubuhi nyingi watu wa Damanhuri walikuta masharubu ya mmoja yamechomoza chini ya kidevu cha mwenzake. Huo ndio ulikuwa uwanja wa vita. Msicheke mapema, yapo mengine.

Chini ya nyumba ya Simba palikuwa na gereji ya zamani iliyogeuzwa darasa, na juu ya darasa hilo palikuwa na jiko, na ndani ya jiko hilo alikuwamo Inshirah, mke wa Simba, aitwaye mtaani Mama Rabab kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, mwanamke mwenye mikono myepesi na subira iliyokwisha kuchakaa. Kiingereza hakukijua, lakini kwa miaka mingi kilimpandia kutoka sakafuni pamoja na vumbi la chaki, kwa kuwa mumewe hakuweza kusema hata “fungeni mlango” bila kipaza sauti. Alikisikia kama mtu anavyosikia bomba la jirani, bila kupenda na bila kuweza kulifunga.

Ilikuwa alasiri ya majira ya kuchipua, mtihani wa kumaliza sekondari ukikaribia, ule mtihani ambao nchini humo hufanywa na ukoo mzima, akina mama wakiulizwa hali wakijibu, “Tuna mtihani.” Inshirah alikuwa akikunja majani ya mzabibu juu ya wali. Chini, Simba alikuwa amefika kwenye swali lenye nafasi tupu: joto limekuwa na kitu fulani kibaya kwa pamba, nanyi wanafunzi chagueni kitu hicho ni “affect” au ni “effect”.

Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, wamefanana hata wenyewe Waingereza huwachanganya. “Affect” ni kitenzi. Ndiye mtendaji, ndilo joto linapoishika pamba na kuiathiri. “Effect” ni nomino; ndiyo athari yenyewe, ndilo kovu linalobaki mtendaji akishakwenda zake. Mmoja hutenda, mwingine ndicho kilichosalia. Mwenye kuyaelewa hayo amekwisha kuyaelewa, aweza kwenda kunywa chai. Lakini Simba hakufundisha kwa kuelewa. Simba aliuza mbinu, na mbinu yake mashuhuri, iliyokaririwa na vijana wa Delta tangu zamani za baba zao, ilikuwa hii: “affect” huanza kwa A, na neno la Kiarabu la athari huanza kwa alifu, basi penye athari weka A, ufunge kitabu, ulale. Mbinu hiyo ilikuwa na mdundo, ilikuwa na kiitikio cha kupigiwa makofi, na ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba ilikuwa ya uongo.

Ndipo binti mmoja aitwaye Tasnim, mpole, mwenye miwani, akasema kutoka safu ya nyuma kwamba Mista Wahba amewafundisha wanafunzi wake kinyume chake. Simba akavuta pumzi, na kipaza sauti kikaivuta pamoja naye, ikasikika mpaka kwa mwuza maharage wa ng’ambo.

“Sikilizeni, enyi wana wa Damanhuri,” akanena. “Nimekula chaki kabla Wahba hajaota meno. Talaka juu yangu, talaka tatu juu yangu, kama jibu si ‘affect’.”

Huko juu, jani la mzabibu likamfunguka Inshirah mkononi, wali ukamwagika.

Msidhani alishangaa. Tangu siku ya arusi yao Inshirah alikuwa akiachwa na kurejewa kwa viapo vya namna hiyo. Simba aliapia talaka kwamba tikiti maji alilolinunua ni jekundu, likapasuliwa, likawa jeupe kama jibini. Na nyumba nzima, pamoja na wageni, ikaketi ikalila na kulisifia wekundu wake. Aliapia talaka kwamba treni ya Iskandaria huondoka baada ya adhuhuri, wakaikosa, na njia nzima ya kurudi shemeji zake wakasema kwa kweli treni ndiyo iliyowahi. Ndivyo watu wema wanavyofanya huko mume anapoapa ovyo: huupinda ukweli ili ndoa isivunjike, na mke ndiye anayetangulia kuupinda, kwa kuwa ndoa ni yake. Inshirah alikuwa ameupinda ukweli hata mgongo ukamuuma. Lakini tikiti lile lilikuwa la chumbani, na treni ile ilikuwa ya ukoo. Safari hii aliachwa kwa kipaza sauti, mbele ya watoto wa watu, kwa neno asilolijua hata maana. Akanawa mikono, akachukua mto wake na shuka, akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa, kwa mama mkwe wake, Hajjati Fauqiyya.

Hajjati alikuwa akichambua dengu. Akautazama ule mto, akaelewa.

“Amekuacha kwa nini safari hii?”

“Pamba, mama.”

“Pamba gani?”

“Pamba ya Kiingereza.”

Hajjati akatoa kijiwe kwenye dengu, akakitazama kwa muda mrefu kana kwamba kina sura ya mwanawe. “Mimi nilimzaa ana akili timamu,” akasema. “Huu upuuzi mwingine kajinunulia mwenyewe. Weka mto wako hapo, karibu na dirisha, pana upepo.”

Asubuhi yake Inshirah alikwenda msikitini kumwuliza Shehe Abdulmuti yeye ni nani sasa, mke wa mtu au mtalaka. Shehe, mzee mkavu asiyependa kelele, akamjibu kwa upole kwamba jambo hilo linategemea nia ya aliyeapa. Ikiwa alitaka kutilia mkazo maneno yake tu, na maneno yakathibitika si kweli, basi atalisha maskini kumi na mkewe ni mkewe. Na ikiwa alikusudia kumwacha, hilo ni jambo jingine zito zaidi. Lakini nia hukaa moyoni mwa mwenyewe, na shehe hawezi kuisoma kwa mkewe. Aje mume, akiri kwamba alichoapia hakikuwa hivyo, aulizwe, ajibu. Basi.

Naam, basi. Dawa ilikuwa ng’ambo ya barabara, bure, na ilihitaji maneno machache kuliko kununua vitunguu. Lakini ili Simba aende kwa shehe ilimpasa kwanza akubali kwamba amekosea, na hilo ndilo neno ambalo halikuwa limewahi kumtoka kinywani kwa lugha yoyote. “Aliyeapia kweli haendi kwa shehe,” alijibu alipopelekewa ujumbe, na akarudi darasani kupiga mbiu yake ya alifu.

Ndipo kukaanza mazingiwa. Ghorofa ya chini Simba alikaanga mayai, akayaunguza, akayala hivyo hivyo kwa fahari. Ghorofa ya juu mke na mama mkwe walikula vizuri. Hajjati, kama wanawake wengi wa mtaa ule, alikuwa na kapu lake la kuteremsha kwa kamba hadi kwa mwuza duka, na kapu hilo lilipita mbele ya dirisha la Simba likishuka na likipanda. Siku moja Simba alilivizia, akatia ndani yake basbusa, keki ya semolina iliyolowa asali, kubwa, ya kuombea amani. Kapu likapanda. Baada ya muda likashuka na karatasi tupu iliyolambwa. Hajjati alisema ilikuwa nzuri, ila samli ilipungua.

Inshirah hakucheka. Mchana aliweza kumdharau mumewe vizuri kabisa, lakini alipokunja nguo za mume huyo zilizokauka juu ya paa, na nguo zake mwenyewe kando, alijikuta hajui azipange pamoja au mbalimbali. Hilo lilimtia uchungu kuliko kipaza sauti. Mtu akishaachwa hujua ameachwa, akiolewa hujua ameolewa. Yeye alikuwa ananing’inia kama lile kapu, na kamba ilishikwa na mpumbavu.

Habari hazikukaa ndani. Mama Tasnim, jemedari wa kundi la akina mama kwenye simu, kundi ambalo halilali wala halisamehe, alilitangaza jambo hilo kabla chai haijapoa. Akina mama wakagawanyika. Mioyo yao ilimwonea huruma Inshirah. Akili zao zilikuwa kwenye alama za watoto wao. Baadhi walianza kuwahamishia watoto kwa Tufani la Sarufi kimyakimya. Hatimaye Mama Tasnim aliamuru kwamba walimu wote wawili wakutane katika gereji ya Simba, mbele ya akina mama, jambo liishe kabla ya mtihani, watoto wapate kulala na watu wapate ndoa zao.

Simba alipata siku chache za kujiandaa, akazitumia kama ajuavyo. Alishusha kutoka juu ya kabati kamusi nene kuliko zote, iliyokuwa ikishikilia pazia, akaipuliza vumbi, akaingia ndani yake kama mtu anayetafuta mlango wa dharura. Na ajabu ya maajabu, akaupata. Mwishoni mwa maelezo, kwa maandishi madogo ya kuchosha macho, ilisemwa kwamba matabibu wa akili hulitumia neno “affect” kama nomino, kwa maana ya hisia zinazoonekana usoni mwa mgonjwa. Simba akapiga meza, akainuka, akaimba mwenyewe jikoni. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba pamba ilikuwa na huzuni.

Siku ya pambano ikawadia. Akina mama wakaja na mabinti zao, na mbegu za tikiti za kutafuna, wakajaza viti vyote, wakajaza ngazi. Tufani la Sarufi akaingia akinukia marashi, suti imebana, akakaribishwa soda. Hajjati Fauqiyya alishushwa pole pole akiwa ameshikwa mkono na mkwewe, wakaketi nyuma kabisa. Ubaoni palikuwa pameandikwa ile sentensi ya joto na pamba, na katika nafasi yake tupu, kwa mkono wa Simba, “affect”, herufi zake kubwa kama matofali.

Simba akatwaa kipaza sauti.

“Enyi akina mama watukufu wa Damanhuri,” akaanza, “enyi mliozaa mashujaa na kuwalipia masomo, mwataka kujua kama Raghib amekosea? Mwulizeni kwanza mkulima wa jimbo letu la Buheira. Mwulizeni anapoiona pamba yake imeinamisha kichwa chini ya jua kali, majani yamenyauka, uso wake umesawijika. Je, hiyo si huzuni? Je, hizo si hisia zilizojitokeza usoni? Na matabibu wakuu wa Uingereza, katika kitabu hiki kilichopimwa kwa kilo, huziitaje hisia hizo?” Akaiinua kamusi kwa mkono mmoja juu ya kichwa, ikayumba. “Huziita ‘affect’. Joto lilikuwa na huzuni mbaya kwa pamba. Pamba iliumia moyo. Na mwenye kukana kwamba pamba ya nchi hii ina moyo, na anyanyuke anene.”

Hakunyanyuka mtu. Na si kwa sababu walimwamini. Hata kitoto cha mwisho kwenye ngazi kilijua kwamba huo ni upuuzi mtupu. Lakini akina mama waliangaliana, wakamwangalia Inshirah kule nyuma, na mmoja mmoja wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Kweli, pamba ni nyeti. Pamba ya Misri hasa. Mmoja alikumbuka kwamba marehemu babaye alikuwa akizungumza na pamba yake jioni.

Ikawa zamu ya Tufani. Mama Tasnim alikuwa amekwisha kumshika mlangoni na kumnong’oneza kwamba kuna nyumba itavunjika, naye Wahba, Mkristo wa Kikopti ambaye katika kanisa lake mtu huingia katika ndoa na haoni mlango wa kutokea, alikuwa ameshtuka kwa dhati kusikia kwamba mtu anaweza kuupoteza ubavu wake kwa swali la kuchagua. Akasimama, akafuta jasho, akanena kwamba Kiingereza ni bahari. Kwamba mwenzake Mista Raghib amezamia vilindi ambavyo yeye hajavifikia. Na kwamba, kwa upande wa pamba, yeye hana la kupinga. Akaketi upesi, mwenye haya kama mwanafunzi aliyenakili.

“Alhamdulillahi,” akasema Mama Tasnim, “mambo yameisha. Mama Rabab, rudi nyumbani kwako, mpikie mwenzio.”

Simba alivimba. Masharubu yake yalionekana kukua papo hapo. Akina mama wakaanza kukusanya mikoba.

Inshirah akasimama. Hakuwa amepanga kusema, magoti yalimtangulia. Akamgeukia Mama Tasnim, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anauliza bei ya bilingani:

“Mama Tasnim, mwanao kwenye mtihani ataandika lipi?”

Mama Tasnim akafungua mkoba wake, akatafuta kitu ambacho hakikuwamo. Mwenzake wa kando akatazama dari. Tufani akatazama viatu vyake. Tasnim mwenyewe, mwenye miwani, akafunua kinywa, na mama yake akamkanyaga mguu.

“Sema tu, usiogope,” Inshirah akasema. “Mmemwambia aandike la Mista Wahba. Ninyi nyote mmewaambia hivyo, najua, Hajjati naye yumo kundini, kaziona jumbe zenu. Kwa hiyo hilo neno la ubaoni ni baya kwa mtihani, lakini kwa kulala nalo mimi ni zuri. Watoto wenu hamtawaruhusu waliandike, mimi mnataka niishi humo.”

“Twakuonea huruma, dada,” akasema mmoja.

“Najua. Nimeonewa huruma tangu niolewe. Nimekula matikiti meupe kwa huruma.”

Hajjati Fauqiyya, kule kwenye kiti, akagonga sakafu kwa fimbo yake kuonyesha kwamba amesikia na hana nyongeza.

Hapo Simba akaweka chini kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza tangu kukinunua alikiweka chini mwenyewe, na ilimbidi apite katikati ya viti hadi nyuma, kwa sababu bila kipaza sauti sauti yake haikufika. Alipofika karibu na mkewe haikuwa sauti ya Simba hata kidogo.

“Inshirah,” akasema, “nikilifuta lile neno, nimekuacha. Mbele ya watu wote hawa. Unaelewa?”

“Nenda kwa shehe, atakuuliza ulikusudia nini.”

“Na akisema tumeachana?”

“Basi utakuwa umesema kweli mara moja katika maisha yako. Usipolifuta, Baba Rabab, mimi nimeshakwenda. Nimekwenda tangu siku ya pamba. Mto wangu uko juu.”

Alipomwangalia aliona mikono ya mumewe imeng’ang’ania mgongo wa kiti, mikono ile mikubwa ya kwenye picha za ukutani, na akatambua kwamba mwanamume huyu anaogopa kumpoteza. Alikuwa akiogopa miaka yote, na kwa hofu hiyo alikuwa akiapa na kuapa, kama mtu anayetikisa mlango kila saa kuona kama umefungwa. Hakumwonea huruma. Huruma ilikuwa imekwisha kutumika yote. Lakini alisubiri.

Sasa shikeni pumzi, enyi wasikilizaji, maana tendo lenyewe limefika. Simba wa Kiingereza akageuka, akauanza msafara wa kurudi ubaoni, safari ya viti vichache ambayo hakuna jeshi lililowahi kuipita kwa uzito namna ile. Akavuka mikoba, akavuka miguu ya akina mama, akavuka maganda ya mbegu yaliyomlilia chini ya viatu. Akamfikia adui. A ilisimama pale juu, imetanua miguu yake miwili, na mshipi wake katikati, ngome aliyoijenga kwa mkono wake na kuilinda kwa kiapo, A ya mbinu, A ya mabango, A ya makofi ya vizazi. Akainua kitambaa. Akakishusha. Tufani la Sarufi, aliyekuwa ametamani siku hiyo kwa miaka mingi, akafumba macho asione. Simba akainua kitambaa tena, akaifuta A, na chaki ikamwangukia kwenye masharubu, ikayazeesha. Kisha akaandika E. Iliinama kidogo kama iliyochoka, lakini ilikuwa E, na hakuna mtu humo ndani aliyeweza kuidhania kitu kingine.

“Nilikosea,” akasema akiwa ameelekea ubao. Wa mbele walisikia. Wa nyuma wakauliza amesemaje, na wa mbele wakawapelekea neno lile safu kwa safu, hadi likamfikia Hajjati Fauqiyya, ambaye alitaka lirudiwe, si kwamba hakulisikia.

Wakatoka wote, Simba mbele, kundi zima nyuma yake, wakavuka barabara hadi msikitini, na mwuza maharage akafunga sufuria yake akawafuata. Shehe Abdulmuti alishangaa kuona umati, akadhani kuna maiti. Alipoelezwa, akamkaribisha mtu mmoja tu, akamwuliza kama alichoapia kilikuwa kweli. Hakikuwa. Akamwuliza, siku ile aliposema talaka, alikusudia kumwacha mkewe?

“La hasha, shehe. Nilikusudia kumshinda Wahba.”

Shehe alimtazama kwa namna ambayo watu wazima huwatazama watoto waliomwaga maziwa. Akahukumu: alishe maskini kumi, chakula cha kushibisha, na afunge mdomo wake. La pili halikuwa la sheria. Shehe aliliongeza kwa hiari yake. Nje akina mama walipiga vigelegele hata njiwa wa mnara wakatawanyika, na kati ya vigelegele hivyo Inshirah alilia, alilia kwa hasira, kwa sababu aligundua kwamba alikuwa amefurahi.

Mapambazuko yaliyofuata mji ulikuwa na habari moja. Wengine walisema mwaka huo uitwe Mwaka wa Herufi. Wengine walisema Simba amekwisha, na kweli baadhi ya wanafunzi hawakurudi. Wahba aliwaambia wabandikaji wake waache kuta za mtaa ule zipumzike kidogo. Maskini kumi walipikiwa na Simba mwenyewe, kwa kuwa Inshirah alisema kiapo hakikuwa cha jikoni kwake. Wakala dengu zilizoshika chini, wakamwombea dua yeye na pamba yake. Hayo yote yalionekana, yalishangiliwa, na wenye kupenda kuyasimulia hawakukosekana.

Lakini mwandishi wa habari hizi hakuketi kuandika kwa sababu ya hayo. Hodari mbele ya umati hata punda anaweza kuwa. Aliketi kwa sababu ya jambo la jioni ya siku ile ile ya pambano, Inshirah akiwa amekwisha kurudisha mto wake mahali pake, na Simba akiwa ameketi jikoni bila kazi, akimtazama mkewe akichemsha chai.

“Nadhani sukari imekwisha,” Raghib akasema.

Inshirah akageuka polepole. Neno hilo la “nadhani” hakuwa amelisikia kwake tangu wakutane.

“Ipo,” akajibu. “Ipo kabatini, nyuma ya mchele.”

Raghib akainuka, akatazama nyuma ya mchele, akaikuta.

“Basi nimekosea,” akasema, akaileta mezani.

Andikeni hilo, enyi wenye kalamu, na liwekwe pamoja na miji iliyotekwa na falme zilizoangushwa: kwamba katika mji wa Damanhuri, jikoni, mwanamume mmoja alikosea kuhusu sukari, akasema amekosea, na hapakuwa na mtu wa kumpigia vigelegele. Inshirah alimtilia vijiko viwili, kama alivyopenda, wakanywa.